Redio ya gari haina besi, inakoroma au inapiga miluzi: pa kuanzia kabla hujanunua sabwufa

IST, Raum, Premio, Probox, Noah: magari mengi yanayozunguka Dodoma yaliingia nchini yakiwa yametumika Japani, na redio na spika zake bado ni zile zile zilizofungwa kiwandani. Malalamiko ya wenye magari hayo yanafanana mno. Sauti nyembamba. Spika inakoroma ukiongeza. FM inashika stesheni mbili tu. Na ushauri wanaopewa nao unafanana: toa redio, weka yenye skrini kubwa, tupia sabwufa (spika kubwa ya besi) nyuma. Mara nyingi pesa hiyo inaishia kwenye kitu ambacho hakikuwa na tatizo. Redio ya kiwandani kwa kawaida ni nzima. Kilichochoka ni spika, waya, na mlango uliobeba spika.

Hapa kila dalili ina sababu zake, ya kwanza ikiwa ile inayokutwa zaidi, na vipimo visivyo na gharama vinatangulia. Vifaa vya kutosha ni hivi: bisibisi ya nyota, kipande cha plastiki ngumu cha kubandulia kava la mlango, mita ya umeme, betri moja ya tochi ya volti 1.5, brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, na kifaa cha kuchomea risasi.

Kwanza, mambo matatu ya kutoguswa ovyo

Usikimbilie kutoa waya wa betri. Redio nyingi za Toyota zenye ramani, zile za Kijapani, zikikosa umeme hujifunga na kudai kadi ya ramani au namba ya kufungulia. Kadi yenyewe mara nyingi ilishapotea kabla gari halijafika bandarini. Kwa kazi ya mlangoni tu, kuzima gari na kutoa ufunguo kunatosha. Kama hujui redio yako ni ya aina gani, muulize fundi redio kwanza. Gari lililoingia garaji likiimba na kutoka likiwa bubu ni ugomvi wa wiki nzima.

Soketi na waya za njano kwenye dashibodi, usukani na nguzo za milango ni za mifuko ya hewa. Kazi yoyote ya karibu nazo inataka hasi ya betri itolewe na usubiri angalau sekunde 90. Ukiunganisha hilo na suala la redio kujifunga, utaona kwa nini kazi ya dashibodi ni afadhali aifanye mtu anayeijua.

Gari la haibridi, kama Aqua au Prius, lina waya nene za rangi ya chungwa. Hizo zina umeme wa kuua. Usipitishe waya wako kando yake, usitoboe bodi upande zilipo.

Dalili: sauti nyembamba, haina besi

Hii ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo inayouza sabwufa nyingi zisizohitajika.

Anza na chanzo cha muziki. Kile kitransimita cha FM kinachochomekwa kwenye kiberiti cha gari hukata sauti za juu kabisa na huongeza mvumo. Hakuna spika itakayokirekebisha. Tumia waya wa AUX, flashi, au Bluetooth ya redio yenyewe. Nyimbo zilizotolewa kwenye video za mtandaoni na kugeuzwa kuwa MP3 ndogo nazo hazina cha kuokoa. Chukua wimbo mmoja unaoujua vizuri, uwe wa kilobiti 320 kwa sekunde, uweke kwenye flashi, ndio uwe kipimo chako. Kisha ingia kwenye mipangilio ya redio: balansi (kushoto na kulia) na feda (mbele na nyuma) katikati, besi na trebo sifuri, na zima zile hali za kuigiza ukumbi au uwanja. Redio nyingi za Kijapani hufika zikiwa zimewashwa hali hizo, nazo humeza besi.

Hakuna mabadiliko? Sasa pima waya zilizogeuzwa. Spika ya kushoto ikiunganishwa chanya kwa hasi na ya kulia ikiwa sawa, moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi zinauana. Kipimo hiki hakihitaji kufungua kitu: cheza wimbo wenye besi nzito, balansi ikiwa katikati, kisha ipeleke yote kushoto. Besi ikiongezeka baada ya kuzima upande mmoja, umeshamjua mwizi. Gari lililowahi kubadilishwa redio ndilo la kushukiwa kwanza.

Kuthibitisha, chomoa soketi ya spika (usiguse waya za spika kwa betri huku redio ikiwa imeunganishwa), kisha gusisha betri ya volti 1.5 kwenye pini mbili za spika kwa nusu sekunde. Koni (ule uso wa spika unaotikisika) ikiruka nje, pini iliyogusa chanya ya betri ndiyo chanya ya spika. Ikiingia ndani, ni kinyume. Weka alama kwa peni, pima zote nne, kisha linganisha na waya zinazotoka redioni. Kugeuza waya mbili ni dakika tano, na kuna watu waliokwisha lipia bufa nzima kwa kukosa dakika hizo.

Sababu ya tatu ndiyo fundi wengi huiruka: mlango unavuja. Koni inaposukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Hewa ya nyuma ikipata tundu la kuzunguka na kukutana na ya mbele, besi zinafutika kabla hazijakufikia. Kiwandani matundu makubwa ya ndani ya mlango hufunikwa kwa nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Baada ya mota ya kioo kutengenezwa mara moja au mbili, nailoni hiyo huwa imechanwa, au haipo kabisa. Toa kava la mlango na utaona mwenyewe: mara nyingi kipande kimening'inia kwenye kona moja, gundi imekauka na kushika vumbi jekundu hadi haishiki tena.

Tiba yake ni karatasi za butili (mpira laini unaonata) zenye mgongo wa alumini, unene wa milimita 2. Mlango mmoja wa gari dogo unataka kati ya nusu mita ya mraba na mita moja. Fanya hivi:

1. Shusha kioo hadi chini uangalie kinapita wapi, kisha kipandishe.
2. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, halafu kwa spiriti. Bati la Dodoma lina vumbi laini kama poda. Usipolitoa lote, karatasi itabanduka.
3. Bandika vipande kwenye bati la nje, nyuma ya spika, na katikati ya bati. Si lazima ulifunike lote. Robo hadi nusu yake inatosha kuzuia lisitetemeke.
4. Funika matundu makubwa ya bati la ndani. Tundu pana kuliko kiganja lishikiziwe kwanza kipande cha plastiki ngumu au bati jembamba, ndipo butili juu.
5. Kandamiza kwa rola au mpini wa bisibisi hadi mistari ya alumini ilale.
6. Pandisha na shusha kioo, funga na fungua loki, kabla hujarudisha kava.

Asubuhi za Juni na Julai butili huwa ngumu na hukataa kushika; liache gari juani saa moja kwanza. Na usikubali mbadala wa lami ile ya kuzibia mapaa. Gari likilala juani pale Mtumba, kwenye mji wa serikali, kutwa nzima, lami inayeyuka, inachuruzika kwenye reli za kioo na kunuka mpaka mwaka unaisha. Kosa jingine ni kuziba vitundu vya kutolea maji chini kabisa ya mlango. Hivyo viache wazi.

Mlango ukishazibwa ndipo uihukumu spika. Ya kiwandani kwa kawaida ina koni nyepesi ya karatasi na sumaku ndogo. Gari nyingi za Toyota hutumia sentimita 16 milango ya mbele, lakini pima tundu na kina kabla ya kununua, kioo kikiwa chini, maana sumaku kubwa hugonga kioo. Nyingi zimefungwa kwa ribiti, si skrubu. Zitobolewe kwa drili polepole na vyuma vidogo vifyonzwe kwa sumaku visiingie kwenye spika mpya. Utahitaji ringi ya kuinulia spika, ya plastiki au mbao zilizobanwa na kupakwa rangi zisinyonye maji. Kati ya spika na kava weka mkanda wa sponji kuzunguka ukingo, ili sauti itoke kwenye matundu ya kava badala ya kupotelea ndani.

Kuhusu wati: puuza namba kubwa ya kwenye boksi. Redio ya gari isiyo na amplifaya (kikuza sauti) ya ziada, hata iliyoandikwa wati 50 mara nne, hutoa kama wati 15 hadi 20 za kweli kwa kila spika ya omu 4, kwa sababu volti 14 za gari haziruhusu zaidi. Kwa hiyo tafuta spika yenye usikivu (sauti inayotoa kwa wati moja) wa desibeli 90 au zaidi. Spika ya wati 300 yenye usikivu wa 86 itaimba chini kuliko ile uliyoitoa, na muuzaji hatakuambia hivyo.

Badilisha za mbele tu. Za nyuma ziache, na feda isogeze mbele kidogo. Hapo sasa, ukiona bado unataka mdundo wa singeli uusikie mgongoni, sabwufa ndogo ya inchi 8 ya chini ya kiti, yenye amplifaya yake ndani, ina haki ya kununuliwa.

Dalili: spika inakoroma au inakwaruza

Tumia balansi na feda kujua ni spika ipi, kisha angalia inakoroma lini.

Ikikoroma kwenye sauti kubwa tu, na zote zikikoroma pamoja, redio imefika mwisho wa nguvu zake. Punguza besi kwenye mipangilio. Kuongeza besi hatua moja mbili huibebesha redio mzigo mkubwa kuliko kuongeza sauti. Hali hiyo ikiendelea ndiyo inayounguza twita, zile spika ndogo za sauti za juu.

Ikikoroma upande mmoja kwenye nota fulani tu, huenda si spika. Cheza sauti moja moja ya hezi 40 hadi 120 kutoka kwenye programu ya simu, na mtu mwingine akandamize kava la mlango, kishikio, kioo na kibati cha namba huku unasikiliza. Kikinyamaza anapokandamiza, umepata. Klipu zilizovunjika za kava ndizo za kwanza. Zinauzwa moja moja kwenye maduka ya spea, nenda na sampuli.

Ikikwaruza hata sauti ikiwa chini, toa spika. Weka vidole vinne kuzunguka koni, sukuma ndani taratibu bila kuipinda. Ukisikia mkwaruzo kama wa mchanga, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) inasugua sumaku. Kwa gari linaloenda Bahi au Kondoa vijijini vioo vikiwa wazi, vumbi hukusanyika kwenye ukingo wa koni na kuunda duara jekundu. Lipige brashi taratibu, spika ikiwa imeinamishwa uso chini. Usitumie upepo wa kompresa ya garaji, unachana koni, usitumie maji. Vumbi likishaingia ndani ya pengo la koili, hiyo spika imekwisha, ibadilishe. Vivyo hivyo ikiwa ukingo wa sponji umekauka na kumomonyoka kwa jua. Kuna mafundi wanaobandika ukingo mpya, lakini kwa spika ya kawaida ya mlangoni gharama hailipi.

Kisha pima kwa mita, soketi ikiwa imechomolewa. Spika ya omu 4 husoma kati ya 3 na 4. Isiposoma kitu, koili imekatika. Ikisoma chini ya 2, usiiunganishe tena kwenye redio hata kwa majaribio, itaondoka nayo.

Dalili: spika moja kimya, au inakatakata mlango ukifunguliwa

Waya umekatikia ndani ya ule mpira uliokunjamana kati ya mlango na nguzo. Fungua na kufunga kwa miaka mingi, pamoja na mpira kukauka, ndiko kunakoukata, na mlango wa dereva hutangulia. Vuta mpira utoke upande mmoja, tafuta waya iliyovunjika, katakata hadi kwenye shaba safi, ongeza kipande chenye urefu wa ziada kidogo, chomea kwa risasi na uvike mpira wa kusinyaa kwa moto. Kusokota na kuzungushia tepu kunadumu hadi mvua ya kwanza.

Waya ukiwa mzima, badilishana spika: ya kimya iende upande unaoimba. Ikiimba huko, tatizo liko kwenye waya au redio. Ikibaki kimya, ni spika. Njia moja ya redio ya kutolea sauti ikiwa imekufa, hiyo ni kazi ya fundi wa elektroniki mwenye mita na mkono mtulivu, kwani saketi ya ndani ndiyo iliyoungua.

Dalili: mluzi unaopanda na kushuka na injini

Chomoa chaja ya simu kwanza. Chaja za bei ya chini ni chanzo cha miluzi mingi, hasa simu ikiwa inachajiwa huku imeunganishwa kwa AUX. Mluzi ukiisha, nunua chaja nzuri au tumia Bluetooth, na stori imeishia hapo.

Ukibaki, na kuna amplifaya, kagua waya wa hasi wa amplifaya. Usizidi nusu mita, ufungwe kwenye bati la bodi lililokwanguliwa rangi hadi ling'ae, kwa bolti yake yenyewe, si ile ya mkanda wa kiti. Halafu waya za sauti na waya nene wa umeme: zipite pande tofauti za gari.

Bila amplifaya, pima betri. Injini ikiwa imezimwa, volti 12.4 hadi 12.7; ikiwaka, 13.8 hadi 14.4. Geuza mita kwenye umeme wa AC na upime pale pale injini ikiwaka: ikizidi volti 0.5, diodi za altaneta zimeanza kufa. Acha redio, nenda kwa fundi umeme, kwa sababu gari litakuzimikia njiani siku si nyingi.

Dalili: FM inashika stesheni chache

Redio za Japani zilitengenezwa kwa masafa ya megahezi 76 hadi 90, na za karibuni hadi 95. Hapa kwetu stesheni ziko 87.5 hadi 108. Kinachotumika ni kijiboksi cha kushushia masafa kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio. Fanya hesabu kabla ya kununua: cha kushusha 12 kinakupa 88 hadi 102 kwenye redio inayoishia 90, na stesheni ya 92.5 utaiona kwenye skrini kama 80.5. Stesheni unayoipenda ikiwa 105, hicho hakikufai. Tafuta kinachoshusha zaidi.

Kipo na bado sauti imejaa chenga? Kagua waya wake mwekundu kama una volti 12 na mweusi kama umeshika bodi. Baadaye angalia antena. Ya fimbo hulegea kwenye mzizi. Ile iliyochorwa kwenye kioo cha nyuma huwa na kikuza mawimbi kinachohitaji umeme kutoka redioni, kwa kawaida waya wa bluu, na aliyebadilisha redio mara nyingi huuacha ukining'inia. Tinti yenye madini ndani iliyobandikwa juu ya antena hiyo inaua mawimbi, na dawa yake ni kuibandua. Ukishavuka mji kuelekea Manyoni na stesheni zikafifia moja moja, hapo hakuna kilichoharibika.

Dalili: baada ya kuweka amplifaya, fyuzi inakatika au taa zinafifia na mdundo

Fyuzi ikikatika mara mbili, simama. Usiweke kubwa zaidi, usiweke foili ya sigara. Kuna waya uliochubuka mahali, mara nyingi pale unapopita kwenye bati la kati ya injini na chumba cha abiria bila mpira wa kuukinga. Waya wa umeme wa amplifaya unataka fyuzi ndani ya sentimita 45 kutoka betri. Bila hiyo, mchubuko mmoja unaanzisha moto ambao hauna cha kuukata.

Taa zikififia, pima volti kwenye amplifaya muziki ukiwa juu, na kwenye betri wakati huo huo. Tofauti ya zaidi ya nusu volti ina maana waya ni mwembamba au hasi imeshika vibaya. Amplifaya ya wati 200 za kweli inahitaji waya wa shaba wa milimita za mraba 8 hadi 10. Waya nyingi za seti za bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba; kwangua ncha kwa kisu, ikiwa nyeupe ndani, panda saizi moja.

Redio ya kiwandani haina tundu la kutolea sauti kwa amplifaya, hivyo hutumika kigeuzi kinachochukua sauti kwenye waya za spika. Hapa redio nyingi ndipo zinapofia: hasi ya spika siyo bodi ya gari. Ukiunganisha hasi hizo pamoja au ukazipeleka kwenye bati, unachoma saketi ya redio papo hapo. Fundi akikuambia "hasi ni hasi tu," shukuru na utoke.

Amplifaya inayozima mchana na kurudi jioni ina joto. Ipe nafasi ya sentimita 5 kila upande, isifunikwe na zulia, isilazwe juu chini. Kitufe cha gaini (cha kulinganisha amplifaya na redio) kisitumike kama cha sauti: weka redio robo tatu, panda gaini hadi sauti ianze kukwaruza, rudi nyuma kidogo, basi. Kwenye mipangilio, spika za milangoni zikatiwe sauti za chini ya hezi 80, sabwufa ikatiwe za juu ya hapo hapo.

Dalili: sauti imebadilika baada ya mvua za kwanza

Inakuja kila Desemba. Vitundu vya chini ya mlango vimezibwa na vumbi la miezi saba, maji yanajaa, spika ya karatasi inalowa. Tikisa mlango, ukisikia maji yanachapachapa, zibua vitundu kwa waya laini kutokea chini. Acha kava wazi siku moja ya jua na redio ikiwa imezimwa. Koni iliyokauka ikiwa imejikunja haitarudi. Kama maji yamefika kwenye redio yenyewe au kwenye zulia la chini ya dashibodi, usiwashe. Viboksi vya umeme vya gari viko huko huko, na fundi umeme avione kabla ufunguo haujageuzwa.